Baba na Yungiyungi la Mlimani

Enzi zile za yuniporti, nyumba yetu ilikuwa ya duara, bati tupu kutoka chini hadi juu, na sisi watoto wa kambi ya polisi upande wa Luzira, Kampala, tulidhani askari wote duniani wanalala ndani ya kitu kama birika kubwa. Jua likiwaka, ukigusa ukuta unaruka. Mvua ikinyesha, hakuna anayemsikia mwenzake. Mnaangaliana tu mpaka ikatike. Kama wewe ni wa rika langu na ulikulia kambini, najua hapo umeshatabasamu. Unakumbuka madumu yaliyopangwa foleni bombani tangu alfajiri yakituwekea nafasi. Unakumbuka mukene, vile visamaki vya ziwani, vilivyoanikwa huko Port Bell hadi upepo ukigeuka nguo za shule zinanuka samaki, na kabalagala, vile vitumbua vya ndizi, za moto zilizofungwa kwenye gazeti, mafuta yakisomesha habari za juzi. Jioni tulicheza kwepena kwa mpira wa soksi kuukuu na mifuko ya plastiki, na aliyepigwa alibisha kwamba hakupigwa, tukagombana, tukaendelea. Wanangu wakitaka kucheza, wanatafuta kwanza chaji.

Lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, kwa sababu Baba alikuwa Mwacholi wa kaskazini, Mama alikuwa Mkonjo kutoka milima ya Rwenzori, na hakuna kati yao aliyekubali kushindwa. Lakini kilikuwa Kiswahili cha kambini, kilichovaa buti. Tulisema "kitu zote" na "mutoto yangu", na herufi l na r zilibadilishana nafasi kadiri zilivyopenda. Nje ya geti alikuwapo Bi Zuhura, mwenye duka la sukari na mafuta ya taa, ambaye mababu wa mumewe walikuja na biashara kutoka pwani miaka mingi iliyopita. Yeye hakumuuzia mtoto kitu mpaka ombi linyooke. Ukisema, "Leta sukali," alikuwa anaendelea kupanga viberiti vyake kana kwamba hujafika. Ukisema, "Naomba sukari, Bi Zuhura," unapata sukari na kipande cha kashata. Shuleni wenzetu walitucheka kwamba tunasema lugha ya wanajeshi. Tulirudi nyumbani tukaisema kwa sauti zaidi.

Baba aliitwa Afande Ocaya. Alikuwa mrefu, mweusi wa kung'aa, mtu wa maneno machache, na viatu vyake ungeweza kujitazama ndani yake. Hapo kambini watu walimheshimu kwa jambo moja: akisema atafanya, basi limefanyika.

Ardhi ya kambini ilikuwa tupu. Ilikuwa amri. Kila asubuhi wanawake walifagia mbele ya nyumba mpaka ufagio uache mistari, na jani lolote lililojitokeza liling'olewa lisije likaficha nyoka. Bustani yetu ilikuwa mawe yaliyopakwa chokaa. Mama alifagia kama wenzake, lakini mara nyingi akimaliza alisimama hapo na ufagio mkononi, akatuambia habari za ua la kwao.

"Kule kwetu iko maua moja," alisema, "inaota kwa gogo imeoza, karibu na maji. Inapanda juu kama mukono ya mutu, halafu inaangalia chini. Nyekundu kama moto, lakini moto ya haya."

Tulimuuliza kwa nini linaangalia chini. Alitujibu kwamba huko mlimani mvua haina likizo, na ua likiangalia juu litajaa maji life. Vitabuni sasa naona ua hilo wanaliweka katika jamii ya mayungiyungi, na wanasema aina ile haioti popote ila kwenye milima yetu hiyo. Sisi wakati huo tulilijua kwa maneno ya Mama peke yake. Mdogo wangu Muhindo alikuwa akilichora mchangani kwa kijiti, kila mara tofauti, na Mama kila mara alisema hapana, si hivyo.

Hatukuwahi kufika huko kwa sababu kulikuwa na ugomvi, na ugomvi huo tuliujua vipande vipande, kama watoto wanavyojua mambo. Baba alikuwa amepangiwa kazi Kasese, mji ulio chini ya milima hiyo, akiwa kijana. Mama alishuka sokoni kuuza kahawa na vitunguu vya mama yake, wakaonana, wakapendana. Baba alishajitambulisha kwa wazee, mambo yakawa yanakwenda polepole kama yanavyopaswa kwenda, mara ikaja amri ya uhamisho: apande treni aripoti Kampala upesi. Mama alishuka mlimani kumuaga. Hakurudi. Alipanda treni pamoja naye akiwa na kitenge alichovaa na kikapu cha soko. Baadaye watu wa Baba walipeleka mbuzi wa mahari, na mjomba aliwapokea, lakini Jaja Kabugho, bibi yetu mzaa Mama, alikataa hata kutoka nje kuwatazama mbuzi wale.

Nilikuwa darasa la nne pale ujumbe ulipofika. Aliuleta mchuuzi wa kahawa aliyekuwa akija Kampala mara kwa mara. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yetu, akanywa maji, akasema Jaja anataka kuwaona watoto. Mama alimuuliza kama amesema kitu kingine. Mchuuzi akasema hapana, ni hayo tu, watoto. Mama aliingia ndani. Baba akasema ataomba likizo, tutakwenda sote.

Mliwahi kupanda treni ya Kasese, ninyi wenzangu? Basi sina haja ya kuwaeleza. Ilikuwa haina haraka na mtu. Ilisimama mahali pasipo na stesheni wala nyumba, watu wakashuka kunyoosha miguu, wakanunua mahindi ya kuchoma na mihogo kupitia dirishani, wakafahamiana, wakaanza kulea watoto wa wenzao. Tulipofika nyanda za magharibi nilitoa kichwa nje kutafuta mlima. Niliona mawingu meusi tu yaliyorundikana. Nikamuuliza Mama mlima uko wapi. Alikuwa amesimama nyuma yangu, ameshika chuma cha dirisha kwa mikono yote miwili. Akasema, "Hiyo unaona si wingu, Masika. Ndiyo yenyewe."

Gari lilituacha mahali barabara ilipokwisha, tukaanza kupanda kwa miguu. Hapo ndipo nilipogundua jambo ambalo sikulitegemea: Baba alikuwa mwoga wa mlima. Huyu aliyekuwa akikamata majambazi katika vichochoro vya soko la Kikuubo katikati ya watu na mizigo, alizaliwa kwenye nchi tambarare ambako ukisimama unaona kuku wa jirani yako upande wa pili wa kijiji. Njia ilipokuwa nyembamba, bonde upande mmoja, alitembea na mkono mmoja umeshika nyasi. Watoto wa huko walitupita wakikimbia na madumu ya maji kichwani, wakamsalimia kwa adabu, kisha tukasikia vicheko mbele. Mama alificha uso kwenye kanga. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu ujumbe ufike.

Jaja Kabugho alikuwa mwembamba, mwenye mikono mikubwa ya mtu wa jembe, na Kiswahili alikijua kwa sababu mumewe alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba. Alimtazama Mama kwa muda mrefu. Akamshika kichwa, akamgeuza huku na huku kama mtu anayekagua chungu, akamwachia. Mimi na Muhindo alituingiza ndani, akatupa viazi na sombe, yaani kisamvu, yenye karanga. Baba alimsalimia kwa unyenyekevu, ameinama, kofia kifuani. Jaja alijibu, "Karibu, Afande," akampita. Chakula chake kilipelekwa nje, chini ya ukingo wa paa, na pa kulala alipata kwa mjomba. Ilikuwa hivyo siku zote za likizo ile. Mvua ilikuwa ikinyesha kila alasiri, na Baba alikula akiwa amevuta miguu ili isilowe. Hakulalamika. Alipasua kuni, akaziba paa la jikoni, akachimba mtaro wa maji nyuma ya nyumba. Jaja alipita juu ya mtaro ule kana kwamba uliota wenyewe.

Siku moja asubuhi, mvua ikiwa imetulia, Jaja alituambia tumfuate. Hakusema twende wapi, lakini Mama alijua, kwa kuwa alivaa haraka kuliko sisi. Baba alifuata nyuma bila kualikwa. Tulipita mashamba ya maharage yaliyoning'inia kwenye mteremko, tukapita kahawa na migomba, kisha tukaingia kwenye korongo ambalo Jaja na majirani zake hawakulima. Humo hewa ilibadilika. Ilikuwa baridi yenye harufu ya udongo na majani yaliyolala. Mikangaga ilikuwa mirefu kama migomba. Kila jiwe na kila gogo lilikuwa limevaa kijani laini, kinene, ukibonyeza kidole kinazama na maji yanatoka. Matone yalianguka kutoka juu ingawa mvua haikuwapo. Chini, kijito kilikuwa kinapita kati ya mawe kikisema peke yake.

Halafu Jaja akasimama, akasogea pembeni ili tuone.

Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo na nimeona vitu vizuri, lakini sijawahi tena kunyamazishwa na kitu namna ile. Yalikuwa yameota juu ya mti mkubwa ulioanguka zamani, mengine kwenye mawe, mengine kwenye ukingo wa kijito. Kila bua lilikuwa nene, lenye madoa kama manyoya ya kanga karibu na mzizi, na juu yake vichungu virefu vya maua, vyekundu kuelekea rangi ya chungwa lililoiva, vilikuwa vimeinama vyote pamoja, midomo imefunguka kidogo. Katika kijani kile chote cha giza, yalionekana kama makaa yaliyosahauliwa yakiwaka. Ndege mdogo, chozi, mgongo wake ukimeta, alijining'iniza kichwa chini, akaingiza mdomo wake kwenye ua moja, akaenda la pili. Mama alikaa juu ya jiwe lenye maji, na nguo yake nzuri, akalia bila sauti. Jaja alimwacha alie. Nilinyoosha mkono kuchuma moja, na Jaja akaushika mkono wangu, si kwa ukali, akaniambia ua hilo likikatwa halina kazi, halinukii na halikai, na kitunguu chake ni sumu hata mbuzi wanakijua. Kinachofaa ni kulikuta.

Baba alikuwa nyuma yetu, ameshika mti. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona akivua kofia mbele ya kitu kisicho bendera wala maiti.

Siku ya kuondoka, Jaja alikwenda korongoni peke yake, akarudi na kitunguu kimoja kikubwa chenye majani mawili, kimefungwa katika udongo wake na ganda la mgomba. Tulidhani anampa Mama. Akampita Mama, akasimama mbele ya Baba.

"Wewe ulibeba mutoto yangu bila kuaga," alimwambia. "Sasa beba na hii. Tutaona kama Kampala inajua kulea kitu ya mulima."

Baba alikipokea kwa mikono miwili. Alisema, "Ndiyo, Mama." Ndani ya treni alikishikilia mapajani njia nzima, na mtu alipotaka kuweka mzigo juu yake, alimwonyesha uso wa kazini.

Wenzangu, kama mngemwona askari yule akilea ua. Alipata ruhusa ya mkubwa wa kambi ili lisije likang'olewa na wafagiaji. Alilipanda kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, akaweka gogo bovu alilolitafuta kandokando ya ziwa, akalitegesha nyuma ya tangi la maji mahali palipodondoka tone na kivuli hakikuondoka. Mchana, akitoka lindo, kabla ya kuvua buti alikwenda kulitazama. Kambi nzima ililijua. Watu walimuuliza likichanua litakuwaje, na yeye, mtu wa maneno machache, aliinua mkono wake mrefu juu, akakunja kiganja, akaachia vidole vining'inie. "Hivyo," alisema. "Lakini nyekundu." Bi Zuhura alikuja mwenyewe hadi ndani ya kambi, jambo ambalo hakulifanya kwa ajili ya mtu yeyote, akalitazama, akashauri maji ya mchele. Mwingine akashauri majivu. Mwacholi mwenzake akashauri aliombee.

Halikuchanua. Mvua zilikuja, zikaenda, zikaja tena. Jua la Kampala lilikuwa linazunguka tangi na kulitafuta, na joto la mabati lilikuwa likipumua hadi kule nyuma. Majani yaliota, yakabadilika rangi pembeni, yakalala, yakaota mengine madogo zaidi. Mama aliacha kwenda kulitazama. Nadhani aliona anajitazama mwenyewe, ingawa yeye alikuwa amenenepa, ana rafiki katika kila yuniporti, na biashara yake ya chapati pale getini ilikuwa haimpi hata muda wa kukaa. Sasa alikuwa mjamzito pia.

Jioni moja Baba alikaa mbele ya nyumba na mkebe katikati ya miguu yake. Alifukua kidogo kwa kidole, akagusa kitunguu. Kilikuwa kimepungua, lakini kigumu. Mama alimwambia asijisumbue, amwambie Jaja kwamba lilikufa, Jaja mwenyewe alikuwa akijua kwamba litakufa.

"Halijakufa, Mama Masika," Baba alisema. "Nikingoja life ndiyo niseme, hiyo si kulea. Nitalirudisha."

Aliomba likizo nyingine. Mama alikuwa mzito, hawezi kusafiri, na Muhindo alikuwa na surua, kwa hiyo mimi ndiye niliyekwenda naye. Tuliutia mkebe katika mfuko wa mkonge, akauning'iniza shingoni. Njia ya mlimani ilikuwa mbaya kuliko mara ya kwanza. Mvua ilikuwa imechukua daraja, na watu walikuwa wamelaza gogo juu ya mto. Chini maji yalikuwa yanakwenda kwa nguvu, yana rangi ya chai ya maziwa, yanasukuma mawe hadi unayasikia yakigongana. Mwanamume mmoja wa pale alijitolea kuuvusha mkebe. Baba akakataa, akamshukuru. Kwanza alimwachia mtu huyo anivushe mimi mgongoni, kisha yeye akapiga magoti juu ya gogo. Alitambaa. Mkebe uliyumba chini ya shingo yake, na kila ulipoyumba alisimama, akangoja utulie. Watu walikuwa wamekusanyika pande zote mbili na hakuna aliyecheka. Alipofika ng'ambo alikaa chini, na kitu cha kwanza alichofanya ni kufungua mfuko aone kama majani hayajavunjika.

Tulimkuta Jaja akichambua maharage uwanjani. Alituona tangu mbali, tukipanda, lakini hakuinuka. Baba alisimama mbele yake, magoti ya suruali yamejaa matope, akautua mkebe.

"Mama, nimeshindwa," alisema. "Kampala haijui. Nimelirudisha kabla halijafa."

Jaja aliweka ungo chini. Alifukua udongo kwa vidole vyake vikubwa, akashika kitunguu, akakibonyeza, akanusa. Kisha akamwinulia Baba macho, na nilimwona kwa mara ya kwanza akimtazama usoni kama mtu anayemsoma.

"Kumbe kitu ikikataa, wewe unarudisha," alisema polepole. "Basi Mbambu, mutoto yangu, hukumurudisha kwa sababu kwako anamea."

Jaja aliinuka, akajikung'uta, akachukua mkebe kwa mkono mmoja na kwa mwingine akamshika Baba kiwiko, jinsi unavyomshika mtu wa kwenu.

"Ingia ndani, mwanangu. Mvua inakuja. Utakula ndani."

Nilikula pembeni yake siku hiyo, karibu na moto, moshi ukitutoa machozi sote, na sikujua machozi ya Baba yalikuwa ya moshi kiasi gani. Jaja alimuuliza habari za Mama, moja baada ya nyingine, habari ambazo miaka yote hakutaka kuzisikia: anapika nini, anacheka na nani, mimba inamkaaje. Baba alieleza yote, hadi chapati. Asubuhi walikwenda wote wawili korongoni kulirudisha ua, naye Baba hakushika tena nyasi kwa sababu mkono wake ulikuwa umeshikwa.

Mchuuzi wa kahawa alituletea habari mvua zilizofuata: limechanua, vichwa viwili. Baba alitembea kambi nzima akiwaambia watu, kutoka yuniporti hadi yuniporti, na ule mkono juu, vidole chini. Bi Zuhura aliwapa watoto wote kashata bila kuwasahihisha. Na Jaja mwenyewe, baada ya mtoto kuzaliwa, alipanda treni kwa mara ya kwanza maishani mwake akaja Luzira. Tulimpeleka Port Bell aone mabehewa ya reli yakiingizwa ndani ya meli. Alitazama ziwa, akauliza ni nani mwenye maji yote hayo yasiyokwenda popote. Alilala kwenye yuniporti yetu na mvua ikanyesha, na asubuhi alimwambia Baba kwamba sasa ameelewa vizuri kwa nini lile ua lilikataa.

Baba na Jaja wote wawili wametangulia. Treni ya Kasese nayo imebaki reli zilizofunikwa na majani. Mimi nauza vitenge Kikuubo, na mvua zilipokolea mwaka huu nilifunga duka, nikamchukua binti yangu Prossy, tukaenda. Basi lilitufikisha siku hiyohiyo. Barabara inapanda hadi karibu na kwa mjomba. Nusu ya korongo sasa ni mashamba, kijito kimekonda, na ule mti ulioanguka haupo. Ilitubidi kupanda zaidi, hadi ndani ya msitu wa hifadhi, pamoja na kijana wa huko anayewaongoza wageni. Huko juu yapo. Mengi. Yanang'aa vilevile, yameinama vilevile, na chozi anafanya kazi yake. Niliposema "Tazama," Prossy alikuwa ameshapiga picha na kuituma, na wenzake huko Ntinda, Kampala, walikuwa wameshaliona ua kabla yeye hajaliona. Sikumgombeza. Nilimwacha mpaka mtandao ukakatika, na hapo, kwa kukosa la kufanya, alianza kutazama. Alitazama kwa muda mrefu. Akasogea mpaka akaona madoa kwenye bua.

Jambo moja nawaonea huruma vijana wetu. Wanafika haraka mno. Sisi tulilisikia ua lile miaka mingi kabla ya kuliona, tukalichora mchangani, tukalikosea, tukalisubiri, na siku tulipofika lilitukuta tumeshakuwa na njaa nalo.

Tuliporudi, Mama alikuwa amekaa kwenye kochi lake hapo Luzira, macho yamefunikwa na ukungu wa uzee, redio imewashwa kwa sauti ndogo. Prossy alikimbilia pembeni yake na kumwekea simu mbele ya uso. Mama aliisogeza taratibu kwa kiganja.

"Mimi sioni hiyo kioo," alisema. "Niambie na mudomo."

Prossy alinitazama, nikatazama kwingine. Akaanza. Alisema ni nyekundu, halafu akasema si nyekundu sana, ni kama orenji. Mama akamuuliza yalikuwa juu ya nini. Akamuuliza gogo au jiwe. Akamuuliza kama maji yalisikika. Mtoto alifikiri, akafumba macho kukumbuka, akasema ndiyo, jaja, yalisikika, na kiatu changu kilizama mpaka hapa, na kulikuwa na kandege kamening'inia kichwa chini. Mama alizima redio.

Enzi zetu hatukuwa na picha hata moja ya ua lile, ndiyo maana tulilazimika kulisema. Niliweka chai mezani na hakuna aliyeigusa. Nilikaa nikimsikiliza binti yangu akitafuta maneno, na kila alipokosa moja, Mama alimpa.